Mkurugenzi wa Milima ya Mkula

Jumatatu, 10 Julai 1995. Bariadi.

Soko huria limeingia hadi jikoni kwangu. Asubuhi nimemkuta Milembe anafunga masufuria kwenye kanga. Nimeuliza kuna msiba? Amesema hapana, kuna Mwanza. Dada yake Anna ana duka la vitenge kule, anatafuta mtu wa kuuza na mtu wa kubeba mizigo. Wa kuuza ni Milembe. Wa kubeba mizigo ni mimi!

Mimi, Mayala! Dereva wa lori la ushirika tangu ndevu hazijaota. Msimu wa pamba nilikuwa nikipiga honi kwenye kona ya Shishiyu, akina mama wanabandika maji ya ugali. Lori la bluu, linanukia dizeli na pamba mbichi. Wazee walisimama kama linapita jeneza la mtemi. Sasa ushirika umelala, lori liko juu ya matofali, na kuku wanataga kwenye kiti changu.

Wanunuzi binafsi wamejaa kama nzige. Mmojawapo ni Danford. Danford alikuwa utingo wangu! Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka kigingi kwenye tairi. Leo ana pikapu nyeupe na miwani ya jua. Amepita stendi akanipungia kwa vidole viwili. Vitatu vimebaki kwenye usukani, vinaringa.

Milembe amesema Jumapili anapanda basi. Nikitaka kwenda naye, niwe nimeoga. Nisipotaka, nisalimie kuku.

Lakini nina mpango. Pale stendi nimewaona wazungu wanapiga picha punda. Punda! Mtu anayepanda ndege kuja kutazama punda, ukimwonyesha ziwa kutoka juu ya milima ya Mkula si atazimia? Na shemeji Januarius, kaka yake Milembe, anakaa hukohuko Mkula. Anayo ile pikipiki ya magurudumu manne aliyoipata mnadani, mradi wa wafadhili ulipofungwa. Anabebea maji. Chombo kama kile!

Jumanne, 11 Julai. Mkula.

Tumekuja juu ya magunia ya pamba, kwenye lori la mtu mwingine. Dereva anabadilisha gia kama anavunja kuni. Nimemwambia. Amenishauri nishuke nitembee.

Milembe amekuja pia, masufuria yake mapajani. Amesema hawezi kuniacha peke yangu na mashine ya kaka yake.

Januarius amenisikiliza huku ananoa panga. Nilipomaliza ameuliza kama nimewahi kuendesha kitu hicho. Nimesema nimeendesha lori la tani saba.

"Shemeji," amesema, "lori lina mlango. Hili halina kitu cha kukuzuia usidondoke."

Amekubali kwa sharti moja. Likiharibika, maji nitayabeba mimi. Kichwani.

Mazoezi. Kumbe inaendeshwa kwa kidole gumba! Lori unalikanyaga kwa mguu, kwa heshima. Hii unaibonyeza kama unaminya chunusi. Nimebonyeza. Nimepita kwenye ua wa minyaa, kamba ya nguo na banda la kuku, kwa mpangilio huo. Niliposimama nilikuwa nimevaa gauni la jirani. Milembe alikuwa kizingitini anakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Hakuinuka. Amesema tu rangi ile inanifaa.

Jioni nimesimama uani kutazama milima. Si mikubwa, lakini imeinuka pembeni mwa ziwa kama ng'ombe waliolala. Barabara ya zamani ya malori bado inaonekana, inapanda begani mwa kilima kama kovu. Enzi zile Milembe alikaa nami kwenye kebini, ananimenyea machungwa, ananitia mdomoni ili nisiachie usukani. Siku hizi ananipa chungwa na kisu.

Jumatano, 12 Julai.

Nimechora kibao. Rangi nimeomba kwa fundi mitumbwi, bluu na nyekundu. Nimekisimika njia panda ya Lamadi, pale magari ya watalii yanapotokea mbugani. Kwa Kiingereza! Nimekaa pembeni, tai shingoni.

Gari la kwanza limepunguza mwendo, likasoma, likaongeza mwendo. La pili hivyohivyo. La tatu limefunga na vioo. Nikadhani ni vumbi.

Mchana Danford amesimamisha pikapu. Amesoma. Amecheka mpaka miwani ikadondoka. Nilikusudia kuandika safari ya kusisimua. Yeye anasema nimeandika safari ya kutisha hadi kufa. Nani kamfundisha Kiingereza? Alipokuwa kwangu hakujua hata jina lake kwa herufi kubwa.

Halafu amefanya jambo baya zaidi. Ameniuliza kwa upole kwa nini nisije kumwendeshea pikapu. Anahitaji mtu anayejua njia zote, kutoka Ipililo hadi huku ziwani, vijana wake wanamharibia gari. Utingo wangu aniajiri mimi! Nimemjibu kwamba mimi sasa ni mkurugenzi. Ameuliza mkurugenzi wa nini. Nimemwonyesha mlima.

Ameondoka polepole. Hakupunga hata kidole kimoja. Nimeshinda, nadhani.

Alhamisi, 13 Julai.

Mteja!

Bibi wa kizungu, nywele nyeupe, mgongo umenyooka kama mchi. Gari lake limesimama lenyewe, tena halikuharibika! Amesoma kibao chote, akatabasamu. Dereva wake alimsihi waende zao Mwanza kabla jua halijazama. Amekataa. Nimemmwagia Kiingereza changu chote: mlima, ziwa, jiwe, mfalme, asante. Amesikiliza kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Ameuliza kitu kimoja tu, kama tutapita barabara ya zamani ya malori. Nimesema ndiyo, tutapita popote roho yake inapotaka. Analala nyumba ya wageni ya misheni. Kesho asubuhi!

Nikagundua tatizo. Ile barabara haina hadithi. Mtalii bila hadithi ni sawa na ugali bila mboga. Basi nimekaa kwenye kivuli cha banda la kuku (nimelitengeneza, karibu lote) nikatunga. Kulikuwa na mtemi wa kale. Alikalia jiwe kubwa la bapa. Kila asubuhi chatu mweupe alimletea maziwa. Mimi mwenyewe nimesisimka.

Nimemsimulia Milembe. Ameuliza jiwe lipi. Nimesema lile la bapa, pale kwenye kona ya barabara ya zamani. Ameacha kupepeta mchele.

"Lile?" amesema.

Nimesema mzungu atajuaje. Hajanisemesha tena mpaka sasa. Wanawake hawapendi habari za nyoka.

Ijumaa, 14 Julai.

Siku gani hii! Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili.

Bibi alifika mapema, amevaa suruali na viatu vya shamba. Nikamwambia akae nyuma yangu ashike kwa nguvu. Akanipita kama hajasikia, akapanda, akawasha, akaizungusha uani bila kugusa hata unyoya wa kuku. Kisha akamwita Milembe kwa mkono, akae nyuma. Mashine ikajaa! Mwongozaji nimebaki chini na tai yangu.

Nikaazima baiskeli ya Januarius, aina ya Swala, ya zamani. Haina breki, lakini kupanda mlima breki ya nini? Nikawaambia wanifuate. Wamenifuata hadi kwenye mkonge wa kwanza. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyefuata, nikipiga kelele kwa Kiingereza kwamba upande wa kushoto kuna ziwa. Vumbi lao lote nimelila. Mzee mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe ameniuliza walioniibia ni wale wanawake wawili?

Nimefika kwenye kona nikisukuma baiskeli. Mashine imezimwa. Wamekaa juu ya jiwe la bapa. Na chini yao, jamani, ghuba yote imetandazwa, inang'aa kama bati jipya. Vishamba vya pamba vilivyochelewa kuvunwa vinashuka, vyeupe, karibu viguse maji. Upepo ukaleta harufu ya dagaa na majani makavu, na kwa kitambo kidogo nikalisikia lori langu linahema mlimani kwa gia ya kwanza. Nikakaa chini. Si kwa sababu ya baiskeli.

Lakini kazi ni kazi. Nimekohoa, nikaanza mtemi wangu. Nimeonyesha chatu kwa mikono. Nimeonyesha maziwa. Milembe ametazama ziwa muda wote. Bibi amenisubiri nimalize. Kisha akafungua mdomo, kikatoka Kisukuma! Kisukuma kilichonyooka, cha bibi wa kijijini! Anasema jiwe hili analijua, na hajawahi kusikia lina chatu.

"Hapa nilimzalisha mwanamke," akaendelea kwa Kiswahili. "Lori la pamba lilimfia njiani akipelekwa hospitali. Mimi nilikuwa natoka zahanati na pikipiki yangu. Tulitandika magunia juu ya jiwe. Mtoto alilia kidogo tu. Aliyelia sana ni dereva, mpaka nikamtuma akachote maji ili anipishe."

Milembe akageuka taratibu.

"Sista Wilhelmina?"

"Jina hilo hapa hakuna tena anayelijua."

"Tunalijua sisi. Mwanamke yule ni mimi. Na mtoto tulimpa jina lako. Tunamwita Mina, yuko Moshi, ana watoto wake."

Sista akashika mdomo. Akauliza, na yule dereva je, bado yu hai? Milembe akaninyooshea kidole.

"Huyo hapo. Mwenye chatu."

Sikumtambua! Tulimwona siku ile moja tu, sista kijana, mwembamba, nywele nyeusi, halafu wakamhamisha. Sasa anarudi kwao moja kwa moja, amestaafu. Alitaka aone jiwe kwanza. Ndiyo maana alisimama kwenye kibao changu. Wengine wote walikimbia.

Wamekumbatiana muda mrefu, wanaitana mayu, yaani mama, wanacheka na kulia kwa zamu. Kisha Milembe akaanza kusimulia. Milembe, ambaye nyumbani maneno anayapima kwa kibaba! Amesimulia lori, na mvua ya mwaka ule, na nyimbo za wapalilizi zilizotusindikiza mlima mzima, na jinsi nilivyovua shati langu la kazi nikamfunika mtoto, na lori lilipowaka tena nikarudi Bariadi kifua wazi huku napiga honi kila kijiji. Nilikuwa nimesahau shati. Nimekaa pembeni nikisikiliza maisha yangu, nikaona yalikuwa mazuri kuliko nilivyodhani. Palikuwa na kijana pale, jamani. Alikuwa na mabega.

Hapo ningetulia tu. Lakini heshima! Wakati wa kushuka nikasema mwongozaji lazima aendeshe. Wamekubali kwa huruma, wao wakashuka kwa miguu, wameshikana mikono kama wasichana wanaotoka kisimani.

Sijui lililotokea. Gumba liliganda. Nimekata kona ya kwanza, ya pili sikuiona, nimepita shamba la mihogo la watu, nimevuka barabara kuu mbele ya basi, nimeingia kwenye matete, na ziwa likanipokea. Mashine ikazimika maji yakiwa kifuani. Nikabaki nimekaa, nimeshika usukani. Wavuvi wakaniamkia.

Aliyenivuta ni Danford, kwa kamba na pikapu yake. Alikuwa anapita na mzigo. Hakucheka. Ameingia majini na suruali yake nzuri, akafunga kamba vizuri, kama nilivyomfundisha. Kisha akaniita kwa sauti ya zamani kabisa.

"Bosi! Niweke kigingi?"

Nimesema weka.

Jumamosi, 15 Julai.

Sista ameondoka. Amesema wabeja, asante ya Kisukuma, kwa Milembe mara nyingi. Kwangu amesema nijifunike. Amewaambia watu wa nyumba ya wageni kwamba kuna safari ya mlimani inayofaa, ila aongoze Milembe, na asimulie yaliyotokea kweli. Nao wameshamletea Milembe habari kwamba kesho baada ya misa kuna walimu wawili wa kigeni.

Mashine imekauka, imewaka. Januarius amesema dada yake aichukue siku yoyote anayotaka. Mimi amenipa ndoo. Nimeenda kisimani na kurudi mpaka shingo imeingia mabegani.

Milembe amempa kondakta wa basi ujumbe kwa Anna kwamba hatuendi. Masufuria ameyafungua. Nilipokuwa nakunywa uji amekaa karibu nami, kitu ambacho hakijatokea siku nyingi.

"Baba Mina, kwa nini ulimweka chatu mahali pa mtoto wetu?"

Nimesema nilidhani hakuna mtu atakayepanda mlima kusikiliza habari za dereva wa pamba.

"Mimi ningepanda," amesema.

Nimekunywa uji. Ulikuwa mtamu sana ule uji.

Jumapili, 16 Julai.

Misa nzuri. Baada ya misa Milembe amepanda na walimu wake, mmoja mmoja, kwa utaratibu. Kutoka kisimani nimemsikia anawafundisha wimbo wa palizi. Wageni wanaimba vibaya, lakini kwa moyo. Niliweka ndoo chini nikasikiliza mpaka mwisho.

Wiki hii imenifunza mengi. Kubwa ni hili: kosa lilikuwa magurudumu. Magurudumu ndiyo yaliyoniponza. Mmoja wa walimu amenisimulia kwamba kule mbugani kuna puto kubwa linalobeba watu angani asubuhi, wanatazama nyumbu. Linapanda kwa moto tu! Halina gia, halina gumba. Moto hata Mkula tunao.

Nimemwendea Danford nikamwambia nakubali kazi ya udereva. Amefurahi, amenishika mkono kwa mikono yote miwili, karibu alie. Hajui kwamba ninachotaka ni maturubai yake ya kufunikia pamba. Manne yakishonwa pamoja yanatosha puto. Kikapu kipo, kile kikubwa cha mama mmoja anayeuza dagaa. Kesho nitatafuta sindano ya magunia.

Mimi sitapanda kwanza, mimi si mjinga. Abiria wa majaribio ni beberu wa Januarius. Sijamwambia. Wala beberu, wala Januarius.