Marehemu Aliyenipa Uzoefu

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Baba ameapa. Nisipopata kazi kufika Jumamosi, nitakwea minazi yake. Mimi! Hata nikisimama juu ya kiti nashikwa na kizunguzungu. Hapa Kilindoni, Mzee Ahmedali wa duka la vifaa vya ujenzi anatafuta muuzaji mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu sina. Akili ninayo.

Jumanne, 2 Septemba
Nimemwambia Ahmedali kwamba nimeuza misumari miaka mitatu kwa Mzee Muhidini wa Kirongwe. Jina nililibuni papo hapo. Akataka namba yake ya simu. Nikainamisha kichwa: amefariki juzi. Marehemu hapigiwi simu! Ahmedali akasoma Innalillahi, akasema anamfahamu sana, zamani alikuwa akimletea nazi.
Kumbe yupo.
Hata hivyo, kazi naanza kesho.

Jumatano, 3 Septemba
Sikuuza hata msumari. Ahmedali alifunga duka, akapakia garini mchele, sukari na mkewe Kulsumbai, twende kutoa mkono wa pole. Nikasema ni mbali. Akasema Kirongwe si Makka. Nikasema tumbo linaniuma. Kulsumbai akaninywesha tangawizi, akaniketisha mbele niwaonyeshe nyumba.
Nyumba siijui. Ikabidi tuulizie msiba. Kila tuliyemwuliza alishtuka, akatufuata. Tukamkuta marehemu barazani kwake, anamenya muhogo.
Ahmedali alimweleza kila kitu. Mzee Muhidini akanitazama nilipojibanza nyuma ya gunia la mchele.
“Mjukuu wangu, nimekufa kwa ugonjwa gani?”
“Presha, babu. Shikamoo.”
“Marahaba.”
Mchele na sukari alivipokea. Ahmedali akaniambia nibaki hukohuko kwa mwajiri wangu. Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 4 Septemba
Miguu imevimba. Baba amenikagua, kisha amekwenda kuninunulia kamba ya kukwelea.

Ijumaa, 5 Septemba
Kosa langu nimeliona. Sikupaswa kumwua mtu; msiba hukusanya watu. Leo nimekwenda Utende, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Shamsa. Nimemwambia nimefanya kazi miaka mitatu kwa Ahmedali, naye sasa yuko Umra. Nani atamfuata Makka?
Nimeajiriwa! Naanza kesho.
Bi Shamsa aliuliza atarudi na ndege ya siku gani. Nikamjibu Jumapili. Papo hapo ameagiza maua ya asumini na kuwaalika majirani, twende sote uwanjani kumpokea, kisha tumsindikize mpaka dukani kwake.
Mwenye adabu kweli, mama huyu. Kamba nimemrudishia Baba.