Shuka la Kutuliza Miguu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu, mjamzito wa miezi saba, hajalala siku ya nne leo. Anasema akijilaza tu miguu inamtambaa ndani kwa ndani, haitulii mpaka ainuke atembee. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia, kasema apelekwe kliniki. Nilitaka kusema hivyo mimi. Kanitangulia. Basi haendi. Mimi ni fundi cherehani. Miguu ya watu naipima kila siku.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua chanzo: uchovu. Nimempikia chai nzito ya rangi, kikombe kila baada ya mlo, imtie nguvu. Mama mkwe kauliza udaktari nimesomea wapi. Nimeongeza majani ya chai. Mchana mke wangu alijaribu kulala. Miguu ikapiga ukuta mateke mpaka kalenda ikaanguka.

Jumatano, 6 Machi
Suruali za wateja nimeweka kando. Nimeshona shuka lenye mifuko miwili mirefu, mmoja kwa kila mguu, na kamba za kufungia kitandani. Kazi safi. Mama mkwe kasema hata mbuzi hafungwi hivyo. Wivu.

Alhamisi, 7 Machi
Shuka lilishika vizuri mno. Mke wangu alijilaza baada ya chakula cha mchana, miguu ikaanza, akataka kuinuka, mifuko ikagoma. Nilisikia kishindo nikiwa kwenye cherehani. Nilimkuta sakafuni, ameshika tumbo, uso umempauka. Nikashindwa kufungua fundo nililofunga mwenyewe. Mama mkwe akalikata kwa mkasi wangu. Kisha akaita teksi.

Kliniki, mkunga alisikiliza tumbo kwa muda mrefu. Mtoto mzima. Akampima presha: nzuri. Akampima damu: pungufu, madini ya chuma yako chini. Kasema miguu ya namna hii huwapata wajawazito wengi, mara nyingi huendana na upungufu huo, na mama mjamzito kukosa usingizi si jambo la kupuuza. Kampa vidonge. Kisha kauliza kama anakunywa chai karibu na chakula, maana chai huzuia chuma. Mama mkwe kanitazama. Nikasoma bango la chanjo, lote.

"Baba," mkunga akaniambia, "dalili yoyote mpya, mlete kwetu kwanza."

Nimeahidi. Kwa moyo wote.

Ijumaa, 29 Machi
Miguu haijatulia kabisa, lakini analala. Leo kaniambia, "Siku ile niliogopa. Wewe uliogopa zaidi." Nikakubali. Nimemwomba radhi mama mkwe. Kasema, "Yamekwisha, mwanangu." Nimekuwa mtu mwingine.

Jumamosi, 30 Machi
Mke wangu kaamka na kiungulia. Mama mkwe yuko sokoni, bado hajui. Nimempima mke wangu kwa tepu kuanzia kooni hadi juu ya tumbo. Sentimita thelathini na moja. Kitambaa kinatosha.