Mabati Nane

Jumanne, 13 Septemba 1983. Alunguli.
Jana Jumatatu, redio ilipotangaza, nimepoteza magunia ishirini na manne ya chumvi pamoja na paa. Bila mwizi! Fedha yetu, zaire, imeshushwa thamani mara tano kwa shauri la FMI, wale mabwana wa Washington wanaokopesha serikali. Mimi sikuwakopa hata kiberiti.

Chumvi niliuza Alhamisi, zaire 80 gunia. Jumla 1,920. Bati moja 60, basi mabati 32, hata likuta moja, senti yetu, haibaki. Treni ya mabati ilikuwa ifike Ijumaa. Haijafika. Mwaka 1979, serikali ilipofuta noti, niliapa sitaweka karatasi tena. Lakini hizi zilikuwa za siku moja tu!

Tena majani ya paa la zamani nimekwisha kuyashusha. Nimempa Bulaimu, muuza chumvi mwenzangu, afunike zizi la mbuzi. Nilitaka aone mtu anavyopanda daraja. Mke wangu Sharifa ameniuliza kama mvua nayo inasikiliza redio.

Alhamisi, 15 Septemba.
Treni imefika. Nimevuka mto kwa mtumbwi wa kwanza. Okito, mwenye duka la mabati karibu na gare, stesheni ya treni, alikuwa amesimama na chaki mkononi. Bei mpya: 240. Nikamwambia mabati haya yalipakiwa kabla ya Jumatatu. Akaniita citoyen, yaani mwananchi, akasema yamepanda treni na bei ya zamani, yameshuka na mpya.
Nimenunua nane. Noti kwisha.
Bulaimu sasa anauza chumvi 300 gunia. Yangu ingetoa 7,200, yaani mabati thelathini. Nimepiga hesabu mara sita. Kila mara thelathini!

Jumamosi, 17 Septemba.
Nimeenda kuomba majani yangu. Bulaimu akasema mbuzi wameshayazoea. Akaniita Waziri wa Fedha mbele ya wateja. Hata mwanamke aliyenunua kikombe kimoja cha chumvi akacheka.
Mabati nane yanafunika chumba kimoja. Mawingu upande wa Kalima.

Jumatatu, 19 Septemba.
Mvua! Na mama mukwe! Mama Zawadi ametoka Lokandu kuona nyumba ya mabati niliyomwandikia kwa barua. Yuko katika chumba kikavu pamoja na Sharifa na watoto. Mukwe halali chumba kimoja na mama wa mke wake. Hilo hata FMI haiwezi kulishusha.
Nimelala zizini kwa Bulaimu, chini ya majani yangu mwenyewe. Hayavuji hata tone. Asubuhi Bulaimu akauliza kama mbuzi wake waliniheshimu.

Jumatano, 21 Septemba.
Mama mukwe ameongea nami akiwa amegeuza uso, kwa heshima. Nyumba isipofunikwa yote hadi Jumapili, atarudi Lokandu na Sharifa na watoto. Siyo hasira, alisema, njo mvua tu. Sharifa anakunja nguo. Mimi sili.

Alhamisi, 22 Septemba.
Nimepona! Okito amesikia kwamba FMI italeta mkopo, vitu vitajaa, bati litashuka labda hadi 60. Labda! Sasa tazama: nikiuza mabati yangu nane kwa bei ya leo, mara 240, napata 1,920. Ile ile! Bei ikishuka, nanunua 32. Noti nitazishika siku chache tu. Mnunuzi yupo: Bulaimu, anasema mbuzi wake wamechoka na majani.
Sharifa hajui. Barua nimeipeleka posta:

Kwa mabwana wa FMI, Washington. Mimi Masudi wa Alunguli, Kindu. Bei ya bati itashuka, ndiyo au hapana? Msinijibu kwa maneno ya redio. Nangoja hadi Jumamosi saa sita mchana kamili. Saa saba Bulaimu anakuja kung'oa mabati yangu.