Kamera Iliyonitambua

Jumatatu, 4 Agosti
Makubwa! Bosi kafunga kamera kwenye foklifti zetu mbili hapa ghalani. Ikiona mtu njiani, foklifti inasimama yenyewe. Dereva atakayesimamishwa mara chache zaidi wiki hii ndiye msimamizi mpya. Tuko wawili tu: mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu. Cheo ni changu. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Msimamizi. Kasema nikafue soksi kwanza.

Jumanne, 5 Agosti
Balaa! Yangu imesimama asubuhi nzima. Wapakiaji wanajipitia mbele yangu kama wako sebuleni kwao. Ya Shemeji inateleza tu. Nimemuuliza siri yake. Eti anapiga honi kwenye kona, anasubiri watu wapite. Muongo! Nimewaza mpaka kichwa kikauma, nikapata jibu: kamera inatafuta reflekta, vile vizibao vyetu vinavyong'aa. Kama sivyo, mbona tunalazimishwa kuvaa?

Jumatano, 6 Agosti
Nimejaza gunia makaratasi, nikalivika reflekta yangu na helmeti, nikalisimamisha kwenye kona ya Shemeji. Asimamishwe mpaka akome! Nikajibanza nyuma ya rafu kula uhondo.

Shemeji kapiga honi. Kimya. Kamera nayo kimya. Kaingia konani, mzigo umemziba macho. Puu! Gunia chini, makreti juu yake, na mgongo wa reflekta unaonekana: KAMANDA. Jina langu la kazini! Shemeji kashuka analia kwamba kaniua, atamwambia nini dada yake. Na dada yake, anayepika chai ya ofisini, kaja mbio, kajitupa chini, anasema nilikuwa mume mwema. Mimi? Nikasema ngoja nisikie zaidi. Alipofika kwenye usafi wangu, machozi yakanitoka. Nikachomoka kwenda kumfariji.

Sikuangalia. Bosi alikuwa anakuja na foklifti yangu kuondoa makreti. Ikasimama yenyewe, shubiri moja kutoka tumboni kwangu. Na sina reflekta! Mke wangu kanikumbatia, kisha kanizaba kofi. Sijui nishike lipi.

Alhamisi, 7 Agosti
Fundi wa kamera kaeleza: imefundishwa kwa picha za watu, viungo vyao na mwendo wao. Gunia halina miguu. Nimetikisa kichwa, sijaambulia kitu. Shemeji ndiye msimamizi. Mimi nimepewa ufagio. Inauma, jamani!

Ijumaa, 8 Agosti
Sasa nimeelewa. Mke wangu, na ndoa yote hii, kalilia gunia. Shemeji kalilia gunia. Kamera peke yake ndiyo iliyojua mimi ni yupi. Mashine inanipenda! Jumatatu nitapita mbele yake macho nimeyafumba, bosi ajionee tunavyoelewana, anirudishie usukani. Nimemwomba Shemeji aje kwa kasi, ushahidi uwe mzito.

Kakataa, tena midomo inamtetemeka. Wivu tu.