Mimi, Mtaalamu wa Kompyuta ya Binamu

Jumamosi, 2 Septemba

Ushindi! Kikao cha familia kimenichagua kwa kauli moja. Kikao chenyewe kilikuwa shangazi, binamu na mimi, na mimi nilinyoosha mikono yote miwili, lakini kauli moja ni kauli moja. Kuanzia leo mimi ni mtaalamu rasmi wa kumchagulia binamu kompyuta ya chuo.

Binamu ni binti wa shangazi. Anaingia mwaka wa kwanza, usanifu majengo. Tangu utotoni anachora nyumba kwa chaki ya kushonea kwenye sakafu ya karakana ya mama yake. Mama yake, fundi cherehani, huzikanyaga siku nzima halafu jioni anazifagia. Sasa mambo yamekuwa mazito. Ijumaa hii, kabla ya saa nane mchana, kila mwanafunzi mpya afike na kompyuta yake na aufungue mchoro wa nyumba aliouchora mwenyewe mbele ya mhadhiri. Asiyefika anahamishiwa kozi nyingine. Binamu amelisema hilo mara nne wakati wa chakula. Mara ya nne aliacha kula. Nikamwambia atulie, yuko mikononi mwa mtu wa mwaka wa tatu.

Ninao mpango wangu pembeni. Huo sikuwaambia.

Jumapili, 3 Septemba

Mpango ni huu. Laptopu yangu ni aibu tupu. Kioo kinashikiliwa na vibanio viwili vya nguo. Feni inanguruma mpaka wateja wa shangazi wanauliza kama tumefunga mashine ya kusaga. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukajipaka mafuta, ukarudi, bado inafikiria. Niliirithi kutoka ofisi moja iliyofungwa. Na uzito wake! Bega langu la kulia limeshuka kabisa.

Kwa hiyo nitachagua kompyuta nyembamba, ya kupendeza, ya kukaa nayo mbele za watu. Binamu ataijaribu, itamshinda kuchorea. Hapo ndipo nitakapojitokeza kwa huruma: chukua yangu, dada, niachie mimi huo mzigo. Mchoro ataumalizia popote, watu walichora majumba kabla kompyuta hazijazaliwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni msitu.

Doa moja tu. Binamu ameenda kumuuliza Kebo pia. Kebo ana kibanda cha kutoa kopi mbele ya geti la chuo, mifuko yake imejaa nyaya, na anajiona daktari wa mashine zote. Nimeambiwa kwamba kitu cha kwanza alichomuuliza ni kompyuta ataifanyia kazi gani. Salaale! Mtu anataka ushauri, wewe unamrudishia maswali! Halafu akamwomba ile karatasi ya chuo yenye sifa za kompyuta inayotakiwa. Binamu akaitafuta nyumba nzima. Karatasi ilikuwa imeshika ukurasa kwenye kitabu changu. Sikuona sababu ya kupoteza ukurasa.

Jumatatu, 4 Septemba

Dukani. Nimevaa shati la kola. Muuzaji aliniita bosi mara mbili!

Shangazi alinitia jasho. Yeye mashine anaipima kwa kuibeba. Aliinua kila kompyuta, akaigeuza kichwa chini, akauliza inatiwa mafuta wapi. Muuzaji akakohoa. Shangazi akasema cherehani yake ya kwanza ilihitaji watu wawili kuibeba na mpaka leo inashona jinzi, na kwamba kitu chepesi ni cha kuchezea. Alipoishika ile nyembamba niliyoipenda, alisema hii ni sahani.

Nikajikaza. Nikamuuliza, kwa adabu, sindano ya kushonea hariri ni nene au nyembamba? Akasema nyembamba. Nikamuuliza, kazi ya hariri na kazi ya gunia, ipi ya juu? Akairudisha mezani. Kumshinda shangazi kwa hoja ya sindano! Sijui kama kuna mtu aliwahi.

Binamu aliuliza kwa sauti ndogo kama itafungua programu ya kuchorea. Nikamwambia mbona rangi yake inang'aa hivyo. Tukanunua.

Jumanne, 5 Septemba

Imeshindwa! Kama nilivyopanga, na saa moja kabla ya nilivyotarajia. Programu ya kuchorea ilipakiwa mpaka nusu, kompyuta ikasema haina nafasi, ikazima kioo kwa heshima zote. Binamu akakaa kwenye kigoda cha kushonea, akaficha uso kwenye kitambaa cha mteja. Alisema siku tatu zimebaki, na kwamba hakuna kitu kingine duniani anachotaka kusoma.

Hapo nilijisikia vibaya. Nakiri. Lakini huruma bila vitendo ni bure, kwa hiyo nikaenda kuchukua laptopu yangu, vibanio na vyote, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia ya kale ni dhahabu. Akanikumbatia. Akasema hana kaka mwingine kama mimi. Shangazi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na alinitazama muda mrefu kuliko uzi ulivyohitaji.

Sasa ninaandika nikiwa na ile nyembamba pembeni yangu. Haina sauti! Haina uzito! Nimepita nayo mbele ya kibanda cha Kebo mara tatu, nikiwa na sababu ya kwenda mara moja tu.

Jumatano, 6 Septemba

Jambo la ajabu karakanani. Shangazi alisema hawezi kushona akisikia mashine inalia namna ile, kwamba chuma kikilia kina njaa. Akachukua bisibisi ya cherehani, akaifungua laptopu yangu ya zamani juu ya meza ya kukatia. Nilipiga kelele. Akaniambia nimshikie skrubu na ninyamaze.

Kumbe ndani kulikuwa na nyuzi! Miaka mitatu nimeiweka kwenye meza ya kukatia vitambaa, na feni imevuta kila uzi uliopita. Shangazi alitoa bonge la kutosha kujaza mto wa mtoto. Akapiga brashi. Akaweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shina la feni, moja tu, akafuta. Ikawashwa. Kimya! Nilikuwa sijavua shati kwenda kuoga, tayari imewaka.

Binamu akaipeleka kwa Kebo. Kebo akasoma kibandiko cha chini na akapiga mluzi. Eti ilitengenezwa kwa ajili ya wachoraji wa ramani za majengo, na ile ofisi iliyofungwa ilikuwa ya wahandisi. Akaiongezea memori kutoka mashine nyingine iliyokufa. Programu ikafunguka mara moja. Binamu amechora mchana kutwa na wala hakusikia alipoitwa kula.

Watu wote wanamsifu Kebo na shangazi. Hakuna anayekumbuka kompyuta imetoka kwa nani. Mimi ndiye niliyetoa! Nimewakumbusha mara tano.

Alhamisi, 7 Septemba

Ile nyembamba ina tundu moja. Moja tu! Ukichomeka chaja, basi. Flashi haiingii. Waya wa projekta hauingii. Kesho saa nne asubuhi ninawasilisha ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo mbele ya darasa zima. Nimemuuliza Kebo kana kwamba ni shida ya mtu mwingine, bila kusema ni kompyuta ya nani. Alisema kuna kifaa cha kuongeza matundu, lakini kimekwisha, labda wiki ijayo. Halafu akauliza kama nimependa wembamba wake. Mwenye wivu ajinyonge.

Ninajua la kufanya. Binamu kesho asubuhi anakwenda kupanga foleni ya kitambulisho, na laptopu ataiacha nyumbani ichaji. Nitaiazima. Kuazima kitu chako mwenyewe si kosa. Itarudi kabla hajagundua, na mezani nitamwachia hii nyembamba asione pengo.

Ijumaa, 8 Septemba

Siku kubwa kuliko zote! Niandike taratibu.

Uwasilishaji: ushindi mtupu. Laptopu iliwaka papo hapo na darasa likapiga makofi, wengine walidhani ni mpya. Nilizima simu ili nisisumbuliwe. Baadaye nikakaa kwenye bwalo la chakula, na kwa udadisi tu nikafungua mchoro wa binamu.

Nyumba. Karakana mbele, yenye madirisha makubwa ili shangazi asikaze macho. Jiko. Ngazi. Chumba cha binamu. Na juu, kwenye kona yenye upepo, chumba kidogo chenye meza na dirisha, ameandika "chumba cha kaka". Hakuna aliyemwomba. Mhadhiri hakutaka chumba cha kaka. Nilisukuma sahani ya wali pembeni. Nilimpenda binamu yangu pale, nasema wazi, na nilijionea aibu mpaka masikio yakapata moto.

Kwa shukrani nikaamua kumsaidia. Chumba kilikuwa kidogo kidogo. Nikashika ukuta, nikauvuta. Unavutika kirahisi sana! Nikauvuta tena, nikapata nafasi ya kochi. Nikahifadhi.

Halafu nikaona saa. Saa saba na dakika thelathini na nane.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule ya msingi. Nimeruka ua wa maua mbele ya maktaba, nimemkanyaga mlinzi, nimeomba samahani nikiwa mbali. Binamu alikuwa mlangoni kwa mhadhiri na ile nyembamba kifuani, macho mekundu, mwanafunzi wa mwisho kwenye foleni. Shangazi alikuwa naye, utepe wa kupimia bado shingoni, anamweleza mhadhiri kwamba mtoto wake haondoki pale hata wafunge na milango. Nikaingia katikati yao na laptopu juu ya kichwa. Nikasema nimeileta! Dakika tano kabla ya saa nane!

Binamu alianza kulia upya. Aliingia. Shangazi alinishika kola iliyokunjamana, akainyoosha, akaniambia tutaongea nyumbani. Hatujaongea bado, nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Ukitazama vizuri, ni mimi niliyemwokoa.

Jumatatu, 11 Septemba

AMEPATA! Majina yamebandikwa. Binamu amebaki usanifu majengo, wa pili kati ya wote! Shangazi alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hajafanya hata akiwa mgonjwa. Alipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja na kiatu mkononi. Binamu alinishika mkono akasema amenisamehe yote. Nikamwambia hakuna cha kusamehe, lakini nimepokea.

Mhadhiri ameandika maoni chini ya kazi yake. Kazi nzuri mno, angekuwa wa kwanza, isipokuwa chumba kimoja cha juu ambacho ukuta wake umepita katikati ya ngazi, hivyo wakazi wote watalala chini. Binamu aliniuliza nani ameugusa ukuta. Nikamweleza kitaalamu kwamba kwenye mashine za zamani kuta hutambaa zenyewe zikipata joto. Shangazi alinitazama vile anavyomtazama mteja anayesema vipimo vilikuwa sahihi, ni mwili uliobadilika. Nadhani wameelewa.

Lakini nilipokuwa peke yangu nililifikiria jambo hili kwa makini. Sijawahi kufundishwa kuchora hata siku moja. Nimegusa ukuta mmoja, mara mbili tu, na kati ya michoro yote ya mwaka huu ni wangu huo uliomfanya mhadhiri ashike kalamu na kuandika. Kipaji kama hicho ni dhambi kukificha.

Nimechukua fomu ya kuhamia usanifu majengo. Nitahitaji kompyuta nzito, yenye nguvu, iliyokwisha kuzoea kazi. Binamu bado hajaambiwa.