Simu ya Mama Mkwe Iliyoingia Chumbani Kwangu

Longinus Nkunzimana,
Fundi Simu, nyuma ya stendi,
Kasulu.

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,
Mama Theodosia,
Gwarama, Kakonko.

Nakala: Mzee Stanislaus, mshenga wetu (asomewe kwa sauti, miwani yake imevunjika).

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SIMU YAKO, NA OMBI LA KURUDISHIWA MKE NA MTOTO

Mabukwe,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya kila siku na hii ya pili ni ya kukuandaa.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa kalamu, mimi fundi simu mzima, kwa sababu mbili. Kwanza, mkwe hampandishii sauti mama mkwe wake, na mimi nikiwa na jambo moyoni najijua. Pili, simu zangu hupokei, na sababu yake nitaieleza katika lalamiko la tano. Barua hii inapanda basi hadi Kakonko, hapo Raymond wa bodaboda ataipokea aje nayo Gwarama. Nimemwonya asikurushie akiwa hajazima pikipiki.

Nianze na jambo nisiloweza kulikwepa: simu hiyo nilikupa mimi. Dorcas alipokaribia kujifungua nilimleta kwako, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na sikuja mikono mitupu. Nilikuja na simu ya Android ndani ya boksi lake. Ukaigeuza, ukainusa, ukauliza kama haijatumiwa na mtu. Nami kwa kiherehere cha ufundi nikakushushia aplikesheni ya kukagua simu. Ukakaa mkekani ukatazama. Kioo kikawa chekundu, kikawa kijani, kikawa buluu, kuonyesha hakina doa. Ikatetemeka. Ikapiga kengele. Ikakuambia upitishe kidole kila pembe, ukapitisha. Kila jaribio likapata tiki ya kijani. Hapo ndipo nikajisifu kwamba kizuri hakiogopi kupimwa.

Mama, nilikuwa nazungumzia simu.

Tangu siku hiyo umeshusha aplikesheni ambazo hata kibandani kwangu hazijawahi kufika, na umeamua kwamba mwanao harudi Kasulu mpaka nyumba yangu, na mimi mwenyewe, tupate tiki za kijani. Mtoto naambiwa sasa anacheka. Anacheka na nani, jamani, baba yake yuko huku? Naomba sasa unisikilize kwa mpangilio.

1. Kuhusu sakafu. Ulipokuja Kasulu kukagua, nyumba niliifagia mpaka nikafagia na uchochoro wa jirani. Ukailaza simu kwenye sakafu ya sebule, ukafungua ile aplikesheni ya pima maji, kipovu kikakimbilia pembeni, ukatangaza kwamba nyumba imeinama. Mabukwe, simu hiyo kamera yake imetokeza mgongoni, na juu ya kamera umeivalisha kava lenye waridi la plastiki. Simu yenye waridi mgongoni hata ukiilaza juu ya madhabahu itasema kanisa limeinama. Nilitaka kukueleza siku hiyohiyo, lakini mkwe anaanzaje kuzungumzia mgongo wa kitu cha mama mkwe?

2. Kuhusu chumbani. Hapa ndipo penye uzito. Mila ziko wazi: mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake. Nawe hukukanyaga, nakutetea kwa hilo mbele ya yeyote. Ulisimama sebuleni, ukageuza uso ukutani kwa heshima zote, kisha ukampa simu shoga yako Bi Mwatumu, ambaye si mkwe wangu kwa upande wowote, aingie nayo. Simu ikapima kitanda. Simu ikapima mwanga wa dirisha, ikasema hautoshi. Simu ikapiga picha uvunguni, ambako nimeweka vitu vyangu ambavyo si lazima Gwarama nzima ivijue.

Sasa nauliza, na nimemuuliza pia Mzee Stanislaus, naye akaomba aongezewe chai: simu ile ni wewe, au si wewe? Kama ni wewe, basi umeingia chumbani kwangu, wazee wakae, na faini ijulikane. Kama si wewe, basi vipimo vyake si vyako, na huwezi kumzuia mke wangu kwa ushahidi wa mgeni ambaye hata hatujatambulishwa. Nimelizungusha swali hili kila upande, sioni unapotokea.

3. Kuhusu uso wako. Bi Mwatumu aliisahau simu kitandani kwangu ikiwa kwenye chaji, nanyi mkaenda kulala kwa wenyeji wenu. Kwenye kioo umeweka picha yako ya kitambulisho, ile uliyonuna, na aplikesheni inayomwaga nyota na kuwasha kioo kila mtu anaposogea. Mimi bila kujua nikafungua mlango nichukue shuka. Uso wako ukawaka juu ya mto wangu! Nilitoka kinyumenyume nikisema shikamoo. Nililala kwenye kochi, na asubuhi simu ilikuwa na chaji kamili na mimi shingo haigeuki.

Haikuishia hapo. Uliporudi ukaisimamisha mezani, ikaegemea chupa ya chai, wewe ukatoka nje ili nile kwa uhuru kama desturi inavyotaka. Nikanyoosha mkono, uso ukawaka. Nikaurudisha, ukazima. Mkwe anakula mbele ya mama mkwe wake tangu lini? Kama siku hizi inaruhusiwa niambiwe, maana ugali ule uliondoka mzima.

4. Kuhusu moyo wangu. Ulimwagiza mshenga ashike kidole changu akibandike kwenye kamera ya simu, tochi ikiwaka, ili ipime mapigo ya moyo, huku wewe ukiwa nyuma ya mlango unauliza kama nampenda Dorcas. Moyo ukaenda mbio, simu ikaandika kwamba hii si kawaida, nawe ukahitimisha kwamba nadanganya. Aka! Mtu ashikishwe simu yenye uso wa mama mkwe, tochi inamuunguza kidole, mshenga anamhemea shingoni, halafu moyo utulie? Moyo unaotulia hapo ni wa maiti. Jibu langu lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo kabla sijaijua njia ya kwenu, na leo ni ndiyo.

5. Kuhusu folda. Dorcas alinipigia kwa simu ya jirani, akanong'ona kwamba umebadilisha sura ya simu nzima. Kila alama umeifanya kipepeo. Ni sawa, simu ni yako, ipambe. Lakini namba yangu umeihamishia kwenye folda uliyoiita Vya Kufuta Baadaye, pamoja na kikokotoo na ule mchezo wa pikipiki uliokuja na simu. Mlio wangu umeuwekea ukimya. Muuza mbegu za mahindi umemwekea tarumbeta. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, Mabukwe, ila wahenga hawakuwahi kuwekwa folda moja na mchezo wa pikipiki.

6. Kuhusu betri. Nasikia umemweleza mwanao, kwa lugha ya ile aplikesheni ya afya ya betri, kwamba mimi nachaji polepole na kuisha mapema. Ni kweli kwamba baada ya chakula cha mchana huwa nasinzia kibandani. Fundi gani hasinzii? Macho yanachoka na zile nati ndogo. Lakini maneno hayo yamefika kwa wateja wangu, na jana kijana mmoja kaniletea waya wa chaji, akasema ni zawadi.

Na ugonjwa huu unaenea. Mama mkwe wa Isack, rafiki yangu wa pale Kakonko, alikuja kwako kujifunza. Akarudi, akamsimamisha Isack ukumbini na kumpima kwa dira. Dira ikazunguka bila kutulia kwa sababu alisimamishwa ubavuni mwa spika ya redio, na spika ina sumaku. Akaambiwa ni mwanamume asiye na mwelekeo. Mkewe naye yuko kwa mama yake, hajarudi. Tukienda hivi, Gwarama yote itajaa wajukuu, na miji itajaa wanaume wanaopasha maharage ya jana.

7. Kuhusu picha za mtoto. Hili nimeliandika nikalichana, nikaliandika tena. Recho nilimshika mara moja tu, siku aliyozaliwa, akiwa amefungwa kitenge mpaka machoni. Picha unazonitumia, na nakushukuru kwa kuzituma, zote umezipamba. Mara ana masikio ya sungura. Mara ana taji. Juzi alikuwa na pua ya paka na sharubu. Wateja wakiniuliza mtoto kafanana na nani nawaonyesha tu sungura, wanacheka, nami nacheka nao. Pua ya mwanangu siijui, Mama. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Wazee wa pande zote mbili wakae, wamuulize Mungu na wajiulize wenyewe, kisha watangaze rasmi kama simu hiyo ni mkwe au si mkwe. Ikionekana ni mkwe, sitabisha. Nitaipisha njiani, sitaita jina lake, sitakaa nayo kiti kimoja, na kila Krismasi nitailetea kitenge chake. Kitakuwa kidogo, lakini kitakuwa kitenge. Ikionekana si mkwe, basi aplikesheni zote za kupima zifutwe, ibaki tochi peke yake, na Dorcas na Recho wapande basi waje nyumbani kupitia Kibondo, nami nitakuwa nimesimama stendi kabla dereva hajawasha gari huko.

Na hili nalisema kama fundi, nikigonga muhuri wa kibanda changu hapa chini: aplikesheni hizo zinabahatisha. Zinamwambia mtu lolote. Hakuna hata moja inayoweza kuingia katika nyumba ya watu ikajua mna nini na mmepungua nini. Ngojangoja imeshaniumiza tumbo, na tumbo lenyewe, kama nilivyoeleza, ni tupu.

Nisalimie Baba Mkwe, umwambie redio yake nimeshaitengeneza. Nisalimie mashemeji wote, wakubwa kwa wadogo, na majirani wa pale kisimani. Bi Mwatumu naye msalimie, ingawa anajua alichopiga picha uvunguni. Simu nitaisalimia wazee wakishatoa uamuzi.

Ni mimi mkwe wako, mwenye heshima, utii na shingo mbovu,

Longinus

Tanbihi: Mabukwe, bahasha nilikuwa sijaifunga. Leo Jumapili nimetoka ibadani nikasema nitafute ushahidi wa mwisho kwamba aplikesheni hizi hudanganya, nikuambatanishie. Nikashusha moja kwenye simu yangu, ya kupima kelele. Nikafunga mlango, nikaiweka katikati ya sebule, nikasubiri iseme uongo wake. Mshale ukalala. Ikaandika kwamba hapa ni kimya kama majani yanayodondoka. Nikaipeleka chumbani: majani. Nikaipeleka jikoni, ambako Dorcas huimba akikoroga uji: majani. Nikakohoa nione kama imekufa. Ikapanda, halafu ikashuka tena palepale.

Hiyo haikudanganya, Mama. Nikavua kava kwenye simu yangu, simu isiyo na waridi wala kamera ya kutokeza, nikailaza kwenye sakafu ya chumbani. Pameinama. Pameinamia upande wa ukutani, ambako mtoto angelala. Nimekimbia kumwita fundi mwashi, naye hakujali kwamba ni Jumapili. Anavunja sakafu hivi ninavyoandika, na vumbi lililo kwenye karatasi hii ni lake. Yote niliyosema hapo juu kuhusu uongo wa aplikesheni nayafuta, na ule muhuri usiuangalie.

Aplikesheni zako usifute hata moja. Saruji ikikauka nitakuja kuwachukua, na wewe uje nao. Chumbani safari hii usimtume mtu, wazee nitaongea nao mimi. Ingia mwenyewe na simu yako, upime mpaka uridhike. Mimi nitakaa nje, nimempakata mtoto.