Wino Mweusi Tu

Tarehe mbili Septemba 1986, saa nne kamili asubuhi, Wilaya ya Tamarack katika jimbo la Ohio ilitangaza rasmi kuukomesha ubaridi.

Tangazo lilisomwa kwenye ngazi za mahakama na Mheshimiwa Royce Hartzell, Kamishna wa Wilaya, mbele ya bendi ya shule na wananchi arobaini na mmoja. Mmoja wao nilikuwa mimi, Lyle Brandt, Naibu Msaidizi wa Mkuu wa Idara ya Akiba ya Kaya. Kila kaya itakayonunua tanuru jipya la kupashia nyumba joto, alisema Mheshimiwa, itarejeshewa dola mia moja na hamsini. Fedha zilitoka serikali ya jimbo, dola elfu sitini, zinazotosha kaya mia nne. Watu walipiga makofi. Bendi ilipiga kitu.

Yamesemwa mengi baadaye kuhusu mpango ule, kwa hiyo naomba nieleze taratibu ulivyobuniwa. Tulikuwa na mtaalamu kutoka Columbus, aliyelipwa kwa siku. Alituonyesha kwa chati kwamba marejesho ya namna hii hudaiwa na watu watatu tu katika kila mia. Waliobaki hupoteza risiti, husahau tarehe, au huona uvivu kukata ile mistari myeusi ya bei kwenye boksi na kuituma kwa posta.

"Marejesho ni ahadi," alisema, "na ahadi haina gharama mpaka mtu aikumbuke."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Watatu katika kila mia, kwa kaya mia nne, ni kumi na mbili. Tukatenga dola elfu moja na mia nane kwa ajili ya hao kumi na wawili. Zilizobaki zikaelekezwa kwenye uhamasishaji, yaani mabango kumi na tisa ya barabarani yenye uso wa Mheshimiwa na maneno HARTZELL ANAWASIKIA, pamoja na zulia la ofisi yake. Zulia pia lilikuwa uhamasishaji. Lilimhamasisha yeye.

Mtaalamu alifanya kazi nzuri. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuteremka kwenye chumba cha chini cha kanisa la Methodisti siku ya Alhamisi.

Mimi niliteremka, kutoa elimu kwa umma. Nilikuta akina mama thelathini na mikasi. Mezani kulikuwa na makopo ya biskuti yaliyojaa kuponi za punguzo la bei zilizokatwa kwenye magazeti ya Jumapili, zimepangwa kwa tarehe za kuisha. Walikuwa wakibadilishana lebo za supu kwa vifuniko vya kahawa, kimya kimya, kama watu wa benki. Mwenyekiti wao alikuwa Bibi Wilma Stuckey, aliyenifundisha Biblia utotoni. Ni yeye aliyewahi kutoka supamaketi, kwa kuponi tu, na maboksi kumi na moja ya nafaka za asubuhi, na duka likabaki linamdai shukrani tu. Meneja alimsindikiza mpaka kwenye gari, ili ahakikishe ameondoka.

"Fomu ina kurasa saba," nikawaambia, kwa masikitiko ya kikazi.

"Saba tu?" akauliza Bibi Opal Dietz, jirani yake Wilma. "Ile ya sabuni ya vyombo ilikuwa na tisa, na zawadi yenyewe taulo!"

"Taulo gani, Opal? Kitambaa cha kufutia miwani kile."

"Risiti halisi?" akauliza mwingine.

"Halisi," nikasema.

"Bei izungushiwe duara?"

"Duara kamili."

Wakatazamana. Sijawahi kuona furaha ya kiasi kile ndani ya jengo la kanisa.

Bibi Wilma alinivuta pembeni. "Lyle mwanangu, lako la ofisini sijui, ila langu ni hili. Tanuru letu lilikufa Agosti. Jipya ninalo, limekaa kwenye boksi lake huko chini, nimelimaliza kulilipia. Fundi anataka mia na hamsini yake ndiyo aliunge, na sina tena. Orville wangu katoka hospitali na mapafu yale. Hela hii ikija kabla ya theluji, mzee wangu atauona mwaka mpya. Isipokuja, sijui."

Nilimhakikishia kwamba Idara ina moyo. Kisha nikampa fomu.

Barua yake ilifika baada ya siku mbili. Niliikataa. Sikufanya hivyo kwa ubaya. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameongeza kanuni kwa mkono wake, *wino mweusi tu*, na Bibi Wilma alitumia wa bluu. Akatuma tena kwa wino mweusi. Mheshimiwa akaitazama kwa kioo cha kukuzia na kugundua kwamba kile kipande cha boksi kilikatwa kwa pembe za mviringo. Mara ya tatu kila kitu kilikuwa sawa kabisa, jambo lililotutia wasiwasi, mpaka tulipoona kwamba bahasha ilibandikwa stempu mbili za senti kumi na moja badala ya moja ya senti ishirini na mbili.

Bahasha nyingine zilikuwa zinamiminika. Kufikia katikati ya Oktoba tulikuwa na madai mia tatu tisini na saba, yote ya wanachama wa Alhamisi, dada zao na shemeji zao. Yote tuliyakataa, lakini yalijaza chumba. Ofisi nayo ilikuwa imeanza kuwa baridi, na sisi ni Idara ya Akiba. Mheshimiwa akatoa agizo la kubana matumizi: madai yaliyokataliwa yachomwe kwenye tanuru la jengo. Yaliwaka vizuri. Kwa siku nne wilaya haikutumia hata senti moja ya gesi, na nililiandika jambo hilo kwenye taarifa ya mafanikio.

Siku ya tano ikaja barua ya mkaguzi wa jimbo. Atafika tarehe ishirini na saba. Ataomba kuona kila dai lililopokelewa, na viambatisho vyake, na uthibitisho kwamba limelipwa. Kwa upungufu wowote atachukua hatua za kisheria dhidi ya afisa aliyetia saini.

Mheshimiwa aliisoma mara mbili, akakaa chini kwenye zulia.

"Lyle," akasema, "majivu si viambatisho, au vipi?"

"Kanuni ziko kimya, Mheshimiwa."

"Uchaguzi ni tarehe nne Novemba, we bwana!"

Hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mtoto aliyelelewa na mkata kuponi analijua. Mkata kuponi hatumi kitu posta kabla ya kukitoa kopi. Anapiga foleni maktaba na sarafu zake za senti kumi, anakopi risiti, anakopi kipande cha boksi, anakopi bahasha yenyewe.

Tulikwenda jioni ile ile. Bibi Wilma alitufungulia akiwa amevaa koti na kofia ya sufu. Jikoni, Mzee Orville alikuwa amekaa mbele ya jiko la gesi linalowaka, lililoachwa mlango wa oveni wazi, blanketi mpaka kidevuni, anakohoa. Bibi Opal alikuwa anamnywesha supu.

"Karibuni," akasema Mzee Orville. "Msivue makoti. Si kwa ubaya, mtakufa."

Mheshimiwa akatoa hotuba fupi kuhusu ushirikiano wa wadau. Bibi Wilma akamwacha amalize.

"Kopi ninazo," akasema. "Za wote. Ziko kwenye makopo tisa ya biskuti."

"Mungu akubariki, mama yangu!"

"Lakini kuna fomu."

Akamkabidhi kadi. Nilisoma juu ya bega la Mheshimiwa. Kwanza, hundi mia tatu tisini na saba, zenye saini. Pili, risiti halisi ya mabango, bei izungushiwe duara. Tatu, uthibitisho wa ununuzi kutoka kila bango.

"Uthibitisho gani?" akauliza Mheshimiwa. "Bango halina mistari ya bei!"

"Ndiyo tukalijadili Alhamisi," akasema Bibi Opal. "Kopo tunabandua lebo. Boksi tunakata mistari. Bango tukaona tukate sikio. La kulia. Pembe zisiwe za mviringo."

"Hii ni dhihaka!"

"Majibu ni wiki sita hadi nane," akasema Bibi Wilma kwa upole, "tangu siku tutakapoipokea. Ila ukileta kwa mkono, tutaona."

Kwa haki naomba nikiri kwamba Mheshimiwa alijituma. Aliiweka rehani nyumba yake ya ziwani ili fedha zitimie. Alisaini hundi mpaka kidole kikavimba. Nilimshikia ngazi kwenye mabango yote kumi na tisa, katika upepo wa barabara kuu, huku madereva wakipiga honi. Bango la sita ilibidi turudie, maana alikata shavu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tano theluji ya kwanza ikaanza kudondoka. Tulifika kwa Bibi Wilma na masikio kwenye gunia. Aliyapanga mezani, akayahesabu, akayapima pembe kwa rula. Mzee Orville alikuwa halali wala haongei. Hundi yake Bibi Wilma aliitoa kwenye rundo na kumpa fundi, ambaye alikuwa anasubiri kwenye gari lake nje. Kisha tukakaa wote, na makoti yetu, tunasikiliza nyundo na spana chini ya miguu. Kama saa moja hivi.

Kitu kikavuma sakafuni. Pazia la jikoni likatikisika juu ya tundu la kupitishia hewa ya tanuru. Baada ya muda Mzee Orville akatoa mkono mmoja nje ya blanketi, akaukunjua, akautazama.

"Wilma," akasema, "hebu funga huo mlango wa jiko. Unapoteza gesi."

Bibi Wilma akavua kofia. Ndipo akamletea Mheshimiwa makopo tisa.

Mkaguzi alifika, akakagua, akasifu unadhifu wa viambatisho. Tarehe nne Novemba wananchi walikwenda kupiga kura wakipita chini ya mabango kumi na tisa yaliyotangaza kwamba HARTZELL ANAWASIKIA, na mahali pa sikio mbingu ya kijivu. Alishindwa kwa kura elfu mbili.

Wiki iliyofuata alikuja dirishani kwangu kama mwananchi wa kawaida. Mwezi Septemba alikuwa amenunua tanuru kwa ajili ya nyumba ya ziwani, na kwenye zile kaya mia nne zilibaki nafasi tatu. Alikuwa na risiti halisi. Pembe zilikuwa kali, stempu ilikuwa moja. Nilipitia kurasa zote saba bila haraka, maana mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu.

Kisha nikamrudishia fomu yake, kwa heshima zote. Alikuwa ametumia wino wa bluu.